Mama Mizani atafuta chumba kimoja katika meli mbili

Saa nne kasoro dakika ishirini asubuhi, Mama Mizani amefumba macho. Amesimama mwanzoni mwa korido ya ghorofa ya sita, mkono mmoja juu ya chuma cha kushikilia, pochi ameibana kwapani. Anavuta pumzi, kisha anaanza kutembea.

Hapapasi. Anatembea kama mtu anayetoka jikoni kwake kwenda sebuleni. Milango inapita ubavuni mwake mmoja mmoja, yote ya rangi ya maziwa, yote imefungwa, na midomo yake inacheza akihesabu. Kwenye mlango wa kumi na nne anasimama, anafumbua macho na kutazama namba. Ndicho chumba chenyewe.

"Miaka minane sijakanyaga humu," anasema kwa sauti ya chini. "Kumbe miguu haijaambiwa."

Korido haina dirisha, na zulia limemeza sauti ya viatu. Abiria wote wameshuka kwenda mjini. Meli yenye vyumba zaidi ya elfu moja iko kimya kiasi cha kusikia hewa ikipita kwenye matundu ya dari, kama mtu aliyelala chumba cha jirani.

Nje, ng'ambo ya kipande chembamba cha maji machafu, imefungwa meli nyingine. Ukichungulia kwenye kioo cha ngazi unaona kioo kilekile, ngazi zilezile, na ua la plastiki kwenye kopo lilelile. Mtu angeweza kudhani meli inajitazama.

Meli hizi mbili za starehe zilijengwa na mafundi walewale, kwa michoro ileile, moja ikitangulia kuingia majini miezi kumi na minne kabla ya nyingine. Zina majina marefu yaliyoandikwa ubavuni, lakini wafanyakazi hawana habari nayo. Wao wanaziita Dada Mkubwa na Dada Mdogo.

Mama Mizani ana miaka hamsini na tisa. Kwa miaka kumi na saba alikuwa mhudumu wa vyumba katika meli zote mbili, akihamishwa kila miezi sita kutoka kwa dada mmoja kwenda kwa mwingine. Alikuwa akitandika vyumba kumi na sita kwa siku, hata magoti yalipoanza kugoma.

Sasa anafanya kazi katika ofisi ya kukatia tiketi za safari, chumba chembamba kilichobanwa kati ya duka la fotokopi na kibanda cha fundi viatu. Mteja anayeshindwa kuchagua kati ya meli mbili huketishwa mbele yake, na hapo ndipo alipopatia jina la Mizani. Mshahara wake ni kama nusu ya ule aliokuwa akiupata baharini. "Lakini nalala kwenye kitanda kisichotembea," anasema.

Ana daftari la mistari ambalo kila ukurasa ameugawa kati kwa rula. Humo ameandika maji ya moto huchukua muda gani kufika bombani, godoro lina bonde au halina, jirani akifunga mlango unasikika vipi. Hupanda meli zinapotia nanga, isipokuwa dada hawa wawili, hujaza glasi maji mpaka ukingoni, huiweka kando ya kitanda na kuitazama kwa robo saa.

Wateja humuuliza mambo yasiyoandikwa kwenye vipeperushi. Bwana mmoja mnene alitaka kujua ni meli ipi haitikisiki. Alimjibu kwamba zote zinatikisika, ila Dada Mkubwa hutikisika huku akiomba radhi. Bi harusi mmoja aliuliza ni ipi yenye kuta nene. Mama Mizani alimpima bwana harusi kwa macho, akasema yoyote ile itafaa, mradi chumba kiwe mbali na lifti.

Wateja wazee wanapokuja, fundi viatu wa jirani huleta kiti chake chenye mgongo bila kuombwa, yeye akaketi juu ya kreti la soda mpaka waondoke. Hajawahi kukatiwa tiketi ya kwenda popote.

Wahudumu wa meli hizi wana ugonjwa wao wenyewe. Wanauita mkono wa meli. Ukihamishwa kutoka kwa dada mmoja kwenda kwa mwingine, kwa wiki tatu nne za mwanzo utaingia chumbani na ndoo yako, utanyoosha mkono kuwasha taa, na utapiga ukuta mtupu. Ni kwa sababu pacha hawa, waliofanana hadi kwenye vitasa, walitofautiana kwa jambo moja: swichi ya taa ndogo ya bafuni, katika meli moja ilikuwa kulia kwa mlango, na katika nyingine kushoto. Fundi umeme aliyefanya hivyo hakuacha maelezo.

"Tulikuwa tunachekana," anakumbuka. "Mtu akisikika anapapasa, tunamuuliza kutoka koridoni, wee, unaubembeleza ukuta wa nani?"

Wiki tatu zilizopita waliingia ofisini mwalimu mstaafu na mkewe. Mwalimu ana miaka sabini na minne. Alikuwa ameshika mkoba wa mkewe kwa namna ya mwanamume aliyekwisha kuuzoea. Vifungo vya blauzi ya bibi vilikuwa vimeruka tundu moja kutoka juu hadi chini, kazi ya vidole vya mume. Mama Mizani aliinuka, akamkumbatia bibi kama kumsalimu, na alipomwachia vifungo vilikuwa vimekaa sawa. Mwalimu aliona, akatazama pembeni.

Bibi anapoteza kumbukumbu. Kila alasiri huomba arudishwe chumbani. Mwalimu alidhani anataka chumba chao cha kulala, lakini akimpeleka hukataa, husema si hiki, huketi ukingoni mwa kitanda akilia kimyakimya kama mgeni asiyetaka kuwasumbua wenyeji. Ilichukua miezi kuelewa anaomba chumba gani. Siku moja bibi aliuliza mbona leo sakafu imetulia.

Miaka kumi na moja iliyopita, wanafunzi wa zamani wa mwalimu walichangishana wakawalipia safari ya siku ishirini na moja baharini, zawadi ya kustaafu. Chumba chao cha melini ndicho anachokilia.

Daktari amewaruhusu kusafiri, lakini amewaonya. Bibi akijikuta mahali asipopajua, hofu inaweza kumsukuma mbali zaidi, asirudi hata hapa alipo sasa. Akijikuta mahali anapopajua, huenda akapata siku kadhaa za utulivu. Na ni mwaka huu tu, maana mwakani miguu haitapanda ngazi za meli.

Tatizo ni kwamba mwalimu hakumbuki ilikuwa meli ipi. Karatasi zilipotea walipohama nyumba. Picha hazisaidii, kwa kuwa ndani ya picha dada hawa ni mtu mmoja. Alichokuwa nacho ni namba ya chumba, mia moja na kumi na nne, ghorofa ya sita. Aliikariri kwa sababu ilikuwa idadi ya wanafunzi wake wa mwisho. Na meli zote mbili zina chumba cha namba hiyo, mahali palepale.

Mwenye ofisi, kijana mwenye haraka lakini asiye na roho mbaya, alimwambia mzee achukue yoyote kwa kuwa hazina tofauti. Mama Mizani alimwomba amwachie mteja huyo.

Akauliza maswali yake taratibu. Ndipo mwalimu aliposimulia kwamba siku nne za kwanza mkewe aliugua kichefuchefu cha bahari, akalala gizani katika chumba kile kisicho na dirisha, mwanga ukimuumiza macho. Mhudumu mmoja mrefu hakuwasha taa kubwa hata mara moja. Alimwinua bibi, akamshika mkono, akaupeleka ukutani hadi kwenye swichi ya taa ndogo. Hapa, mama, bila kufumbua macho. Akamfundisha hivyo kila alipoingia, mpaka mkono ukajua njia.

"Na sasa nyumbani anapapasa ukuta kila anapokwenda bafuni," mwalimu alisema. "Mkono wa kushoto, usawa wa bega. Pale hakuna kitu. Rangi imeshaanza kuchakaa."

Mama Mizani alifunga daftari lake, na mwenye ofisi akainua uso kutoka kwenye kompyuta yake.

Alikuwa amemjua mhudumu huyo. Walimwita Mrefu. Kwa miaka tisa waligawana korido moja na Mama Mizani, kila mmoja akianzia mwisho wake, wakikutana katikati na mikokoteni yao ya mashuka. Siku ambazo magoti ya Mama Mizani yalikuwa yamevimba, alikuwa akifika karibu na katikati na kukuta vyumba vitatu vya upande wake vimeshatandikwa. Akiuliza, Mrefu anajibu labda abiria wa siku hizi wana adabu, wanajitandikia.

Miaka minane iliyopita, ndani ya Dada Mdogo, walikutana kwenye mlango wa mia moja na kumi na nne. Mama Mizani alikuwa na siku tatu tu tangu ahamishwe kutoka kwa Dada Mkubwa. Mrefu alikuwa ndani, gizani, ameegemea ukuta wa bafuni. Akasema ameona kizunguzungu. Akasema, niwashie taa.

"Nikanyoosha mkono," anasimulia Mama Mizani. "Nikapiga ukuta mtupu. Nikapapasa. Nikapapasa tena. Nilipoipata swichi upande wa pili, mwenzangu alikuwa sakafuni."

Madaktari wa meli walisema ni moyo, na kwamba hata taa ingewaka mapema isingebadili kitu. Aliwashukuru. Safari ilipoisha alishuka na begi lake na hakurudi.

Tangu hapo hawezi tena kusema swichi ya Dada Mdogo ilikuwa upande gani. Kila akiikumbuka siku ile, anaiona pande zote mbili. Na ofisini, mwalimu alipomsubiri ajibu, alimjibu kwa uhakika kabisa kwamba meli yao ilikuwa Dada Mkubwa.

"Nilitaka iwe Mkubwa," anakiri. "Sikutaka bibi wa watu alale kule. Nikajidanganya nakumbuka."

Siku ya tatu alimwendea mwenye ofisi kabla hajathibitisha tiketi, akamwambia ukweli. Kijana hakugomba. Alipiga simu, akaomba vyumba vyote viwili vishikiliwe hadi Jumamosi saa sita mchana, kisha akatafuta kwenye ratiba. Jumatano, kwa mara moja tu mwaka huu, meli zote mbili zingetia nanga bandari moja.

Ndiyo sababu Jumatano hiyo yuko hapa, mbele ya mlango wa mia moja na kumi na nne wa Dada Mkubwa.

Anaingia. Anafumba macho tena, ananyoosha mkono. Swichi iko kulia. Taa ndogo inawaka. Anakagua godoro, anajaza glasi, anaketi robo saa. Maji hayatingishiki. Anaandika kwenye daftari, anazima taa, anafunga mlango.

"Chumba kizuri," anasema. "Ila hakinijui."

Kuvuka kwenda meli ya pili ni mwendo wa dakika nane. Mama Mizani anautembea kwa dakika ishirini. Mlinzi wa ngazi, akiona anavyotazama juu, anamwambia apumzike, meli haiendi popote mpaka jioni.

Kwenye korido ya ghorofa ya sita anamngoja mhudumu wa sasa, mwanamume wa makamo ambaye meli nzima inamwita Mjomba. Amesikia habari za magoti, amekuja na stuli. Ni mcheshi. Anasema kwamba akiwa kwake mkewe humtuma kutandika, na akiwa kazini hulipwa kwa kutandika, hivyo atakufa ameshika shuka.

Mlangoni pa mia moja na kumi na nne utani unakwisha.

Mjomba anaeleza kwamba Dada Mdogo ilifanyiwa ukarabati miaka mitatu iliyopita. Swichi zote za chumba zimehamishiwa kwenye kibao kimoja kando ya mlango wa kuingilia, na umeme hauwaki mpaka abiria achomeke kadi. Ukuta wa bafuni, kulia na kushoto, uliachwa laini, hauna kitu.

Lakini upande wa kushoto, usawa wa bega, pana doa. Ni alama za vidole, nyingine juu ya nyingine, kama zile za mlango wa jikoni penye watoto wengi. Mjomba anasema huzifuta kila asubuhi. Kufikia mchana zimerudi.

"Ni abiria," anasema. "Watu ambao hawajawahi kupanda meli maishani. Wanaingia na mabegi, wanakwenda moja kwa moja kupapasa hapo. Nikiwauliza mnatafuta nini, wanacheka. Mama mmoja aliniambia alidhani mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka. Na mimi nilikuwa koridoni."

Vyumba vya jirani havina doa. Ameshaangalia.

Mama Mizani anamwomba achomoe kadi, afunge mlango wa bafuni na asimame kizingitini bila kugusa kitu. Chumba kinakuwa cheusi, ingawa ni saa tano na nusu mchana na jua linachoma nje. Mwanga pekee ni ule wa korido, unaoishia kwenye viatu vya Mjomba.

Anafumba macho. Hatua tatu. Mkono wa kushoto unanyanyuka wenyewe, usawa wa bega, na kiganja kinagusa ukuta.

Chini ya mlango wa bafuni unatokea mstari wa mwanga.

Unakaa kwa muda wa kutosha kukunja taulo moja. Halafu unazimika, polepole, kama mtu aliyehakikisha kwamba mwenzake ameshaona njia.

Mjomba ameuona. Anasema hivyo mara mbili, kadi ingali mkononi mwake. Anauliza umewashia wapi. Mama Mizani ameketi kwenye stuli, kiganja bado ukutani, na machozi yanamtoka bila sauti. Mjomba anachukua foronya safi kutoka kwenye mkokoteni, anampa ajifute, anageuka kutazama korido kama vile kuna kitu cha kutazama.

Fundi umeme wa meli alikuja baadaye. Aligonga ukuta, akafungua kibao, akapima. Nyuma ya doa hakuna waya, ulikatwa na kuvutwa wakati wa ukarabati, na masalia yake aliyaona mwenyewe kwenye dari. Katika fomu yake aliandika kwamba hitilafu haikuonekana. Mjomba alipendekeza pabandikwe kioo, watu waache kupapasa. Mama Mizani alimsihi asibandike kitu.

Alhamisi mwalimu na mkewe walirudi ofisini. Fundi viatu alileta kiti. Mwenye ofisi alikuwa amemshauri Mama Mizani aseme tu jina la meli na kuishia hapo, mzee ana mzigo wa kutosha. Hakuishia hapo. Alimweleza kwamba alimdanganya mara ya kwanza, na kwa nini. Akamweleza habari za Mrefu, alipofia, alichoomba, na mwanga wa Jumatano.

Mwalimu alisikiliza huku ameshika mkono wa mkewe. Bibi alikuwa akilainisha kipeperushi juu ya meza, mikunjo yote, kama anayetandika.

"Aliteseka?" mwalimu aliuliza hatimaye.

"Hapana, mwalimu. Aliomba taa tu."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Alisema kwamba kwa miaka arobaini aliwafundisha watoto kwamba mambo ya namna hii hayapo, na kama angekuwa darasani angesema hivyo hata leo.

"Lakini siko darasani," alisema. "Namtafutia mke wangu mahali anapopajua. Na kama kuna mtu humo ndani, ni yule aliyemtunza siku nne bila kuombwa. Siwezi kuogopa kumrudisha kwa mtu aliyemfanyia wema."

Bibi aliacha kulainisha karatasi. Alimtazama Mama Mizani usoni kwa muda, akamuuliza kwa upole kama vyumba vimeshakuwa tayari.

"Bado kidogo, mama," Mama Mizani alimjibu. "Tunamalizia chako."

Tiketi ilikatwa Ijumaa asubuhi: Dada Mdogo, ghorofa ya sita, chumba mia moja na kumi na nne, siku kumi na nne. Chumba cha jirani pia kimechukuliwa. Mwenye ofisi amempa Mama Mizani likizo, na kampuni ya meli imekubali kumuuzia nafasi kwa bei ya wafanyakazi wa zamani. Itakuwa mara yake ya kwanza kupanda meli kama abiria. Hana hakika kama ataweza kumtazama mtu mwingine akimtandikia kitanda.

Anachotumaini si kikubwa. Anataka bibi aamke asubuhi moja, moja tu, asiombe kurudishwa popote. Na mwalimu alale usingizi wa mtu asiyesikiliza mlango.

Watapanda tarehe tisa ya mwezi ujao, saa saba mchana, na mpango wa kuingia ameshaupanga na Mjomba. Kadi haitachomekwa. Mwalimu atabaki koridoni na mabegi, na bibi ataingia kwanza, peke yake, gizani.

"Tutahesabu mpaka kumi," anasema Mama Mizani. "Kukiwa bado giza, nitaingia nimshike mkono mimi. Sasa najua ni upande gani."